Kiunganishi kikuu cha meno ya kuvaa na kuvua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Akriliki, yaani plastiki ngumu, bado ndiyo kazi ya kila siku ya meno ya kuvaa na kuvua katika kliniki za Arusha na Moshi. Bei yake inabebeka, haihitaji tanuru la kuyeyushia chuma, na mgonjwa akipoteza jino jingine, la bandia huongezwa bila taabu. Mambo huharibika mgonjwa anapoamua kulipia fremu ya kobalti na kromu, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba meno ya bandia, halafu sisi tukaichora kwa mazoea ya akriliki. Kinachoumia kwanza ni kiunganishi kikuu, yaani kile kipande kinachovuka kutoka upande mmoja wa taya hadi wa pili na kuzifunga resti (vipande vidogo vinavyoegemea juu ya meno), kulabu (zinazoyashika meno) na besi (sehemu zinazokaa juu ya ufizi na kubeba meno ya bandia) zote ziwe kitu kimoja. Dhana nyingi tunazozijadili hapa zimetokana na mazoea hayo.

Dhana: Kiunganishi kizuri ni kile kinachofunika eneo dogo kuliko vyote.

Sifa ya kwanza ya kiunganishi kikuu ni ukakamavu. Mgonjwa akitafuna nyama upande wa kulia, kiunganishi kisichopinda hupeleka sehemu ya mzigo kwenye meno na ufizi wa kushoto. Kikipinda, mzigo wote hubaki ulikoangukia: jino lililo karibu hutikiswa kila tonge, na besi hukandamiza ufizi mpaka mfupa wa chini yake uanze kuliwa. Hapo kulabu hazina kosa, ingawa ndizo hulaumiwa na kukazwa kwa koleo kila mgonjwa anaporudi.

Ukakamavu hutokana na vitu vitatu: malighafi, unene na umbo. Kobalti na kromu hukinza kupinda kwa kiasi cha gigapaskali 200 hivi, wakati akriliki ni 2 au 3 tu. Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Upana ukiongezwa mara mbili, huongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana bamba la akriliki likiwa chini ya milimita 2 huwa halifai, lakini kaakaa la chuma hutosha kwa unene wa karibu nusu milimita, mradi liwe pana na lipite kwenye nyuso mbili: mteremko wa mbele wa kaakaa na sehemu yake ya bapa. Chuma kilichokunjwa hivyo hakipindi kirahisi hata kikiwa chembamba.

Kwa mantiki hiyo, umbo la U, ambalo ulimi hulikubali haraka kwa kuwa katikati ya kaakaa hubaki wazi, ndilo chaguo dhaifu kuliko yote ya taya la juu. Miguu yake miwili hutanuka mgonjwa anapouma, hasa pale magego ya nyuma yanapokosekana pande zote mbili. Ukilitengeneza nene ili lisipinde, unene huo unakaa juu ya mikunjo ya kaakaa, mahali ulimi unapogusa mtu anapotamka. Sababu ya kulichagua ni moja: torasi, ule uvimbe wa mfupa katikati ya kaakaa, ikiwa haiwezi kuondolewa na imefika hadi karibu na kaakaa laini. Ikiwa nyuma ya torasi zimebaki milimita 6 hadi 8 kabla ya kaakaa laini, chora mikanda miwili, wa mbele na wa nyuma, iliyounganishwa kando. Huo mzunguko uliofungwa ni mkakamavu kuliko U hata ukiwa mwembamba zaidi. Uwazi wa katikati uwe na angalau milimita 15. Chini ya hapo ulimi unasumbuliwa na kingo za ziada bila faida, heri uzibe kabisa.

Pengo likiwa katikati ya meno pande zote mbili, mkanda mmoja wa katikati unatosha, upana usipungue milimita 8. Fundi akiupunguza chini ya hapo atalazimika kuunenepesha, na mgonjwa atarudi akisema kuna kijiti mdomoni. Yakibaki meno ya mbele tu, funika kaakaa lote.

Dhana: Kingo zifike hadi shingoni mwa meno ili chakula kisiingie.

Hili ni tabia ya akriliki moja kwa moja. Ukingo wa chuma ukikaribia ufizi bila kuufunika vizuri hutengeneza mfereji wa kukusanya mabaki, na ufizi huvimba na kuujaza. Taya la juu acha angalau milimita 6 kutoka ukingo wa ufizi. Taya la chini angalau 3. Panapolazimu kulivuka eneo hilo, vuka kwa pembe ya mraba na kwa njia fupi. Katikati ya kaakaa pia vuka kwa pembe ya mraba. Ukingo wa mbele upite kwenye bonde kati ya mkunjo na mkunjo, usikae kileleni mwa mkunjo ambako ulimi utaugundua siku hiyo hiyo.

Dhana: Nafasi ya upau wa chini hupimwa kwenye modeli ya plasta, yaani nakala ya taya la mgonjwa.

Hapa ndipo fremu nyingi za taya la chini hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Upau wa upande wa ulimi, yaani kiunganishi cha taya la chini kinachopita nyuma ya meno, una umbo la parachichi lililopasuliwa katikati, upande mnene ukiwa chini. Kimo chake kisipungue milimita 4. Nta ya kuundia fremu, ya geji 6 (namba ya unene) na ya umbo hilo, hutoa kimo hicho. Ongeza milimita 3 au 4 za kuachia ufizi, na jumla unahitaji milimita 7 hadi 8 kati ya ukingo wa ufizi na sakafu ya kinywa ikiwa imeinuka. Neno “ikiwa imeinuka” ndilo linalosahaulika. Trei ya alginati (unga wa kuchukulia kipimo cha kinywa) husukuma sakafu ya kinywa chini, na mgonjwa aliyeogopa huutuliza ulimi. Plasta inatoka na kina cha milimita 12 ambacho kinywani hakipo. Fundi anauweka upau chini kabisa, kwa nia njema. Siku ya kuvaa, mgonjwa akimeza tu upau unachimba kamba ya ulimi (utepe unaoushika ulimi kwa chini), kidonda kinatokea, na sisi tunausaga ukingo wa chini mpaka kidonda kiishe. Tulichosaga ni ule upande mnene, yaani ukakamavu wenyewe.

Kipimo sahihi huchukua dakika mbili. Mwambie mgonjwa aguse mdomo wa juu kwa ncha ya ulimi, pale rangi ya mdomo inapoanza. Weka probu ya kupimia fizi (kijiti chenye alama za milimita) wima nyuma ya meno ya mbele, soma kutoka ukingo wa ufizi hadi sakafu ya kinywa, kisha rudia kwenye magego madogo ya kila upande na kwenye kamba ya ulimi. Andika namba, zihamishie kwenye modeli kwa penseli, unganisha alama. Mstari huo ndio mpaka wa chini, hata kama plasta inaonyesha nafasi kubwa chini yake. Ukipata 9 kote, upau unakaa vizuri. Ukipata 6 kwenye sehemu moja tu, upau umekataliwa: chora bamba, yaani kiunganishi kinachopanda na kufunika nyuma ya meno.

Dhana: Bamba la chini huharibu fizi, lisitumike kabisa.

Ni kweli linafunika fizi nyingi na utando wa vijidudu hujikusanya chini yake kama halisafishwi. Lakini upau uliobanwa mahali pasipotosha ni mbaya zaidi. Bamba linastahili pale nafasi inapokosekana, pale torasi ya chini (uvimbe kama ule wa kaakaa, upande wa ulimi) haiwezi kuondolewa, au pale jino la mbele linatazamiwa kung'oka baadaye na litahitaji kuongezwa kwenye fremu hiyo hiyo. Ukingo wake wa juu ufuate mawimbi ya meno hadi theluthi ya kati na kuziba mianya hadi karibu na sehemu jino linapogusana na jino. Na liwe na resti kila mwisho. Bamba lisilo na resti huteleza chini kwenye mteremko wa meno ya mbele na kuyasukuma nje polepole. Wenye bamba la akriliki la namna hiyo huonekana sana: mianya mipya kati ya meno ya mbele, fizi zimeshuka nyuma yake.

Dhana: Meno yenye madoa ya floridi hayabebi resti.

Wagonjwa kutoka miteremko ya Meru na maeneo kama Maji ya Chai wengi wana meno ya kahawia, kwa kuwa maji ya huko yana floridi nyingi, na magadi ya kupikia huongeza. Doa si kuoza. Jino lenye doa tu, bila vishimo, linachongwa kama jingine: ukingo wa jino upunguzwe karibu milimita 1.5, sakafu ya kitako cha resti iinamie katikati ya jino. Floridi ilipozidi mpaka enameli ina vishimo na inamomonyoka, sehemu hiyo ijengwe kwanza kwa kompositi (kijazio cha rangi ya jino) au kifuniko cha jino, ndipo uchukue kipimo cha fremu.

Dhana: Nafasi ya nta, yaani pengo dogo kati ya chuma na ufizi, iachwe chini ya kiunganishi juu na chini vilevile.

Hapana. Juu, chuma kiguse ufizi kote isipokuwa kwenye torasi au mshono wa katikati ulio mgumu. Tena modeli huchongwa kifereji cha milimita 0.5 hadi 1 kufuata ukingo, ili chakula kisipenye, nacho kififie kinapokaribia meno. Chini ni kinyume: hakuna kifereji, na nta ya geji 30, kama robo milimita, huwekwa chini ya upau. Besi isiyo na jino nyuma yake ikizunguka, ongeza kidogo.

Dhana: Kuchora ni kazi ya maabara.

Fundi sanifu meno hamuoni mgonjwa. Hajui kamba ya ulimi inainuka wapi wala torasi ina ufizi mwembamba kiasi gani. Mpelekee modeli iliyochorwa: kwanza maeneo ya besi, kisha maeneo yasiyoguswa, kisha umbo la kiunganishi kati yake, mwisho viunganishi vidogo vya kwenda kwenye resti. Maandishi ya “fremu ya chuma, taya la chini” peke yake yatakurudishia upau wa kawaida, na huna wa kumlaumu.

Dhana: Fremu ikiyumba, ikunjwe kidogo kwa koleo.

Kulabu ya waya hukunjwa. Kiunganishi cha kobalti na kromu kilichomiminwa hakikunjwi. Kitavunjika, au kitakaa upande mmoja na kuinuka mwingine. Jaribu fremu kabla meno hayajapangwa. Paka wino wa kuonyesha migusano, vaa, toa, saga panapong'aa kwenye mabamba ya pembeni ya meno nguzo (yanayoishika fremu), rudia. Ikiwa resti zote zimekaa na bado inayumba, linganisha na modeli. Ikikaa vizuri kwenye modeli, kipimo ndicho kilichopotoka, na kinachukuliwa upya. Ikiyumba hata kwenye modeli, irudi maabara.