Kwa nini transfoma ya sauti ya redio ya kale hukatika upande mmoja tu?

Ipime kwa mita transfoma ya sauti, ile inayopitisha sauti kutoka vali moja hadi nyingine (vali ni chupa ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme), ya redio ya miaka ya 1920 iliyonyamaza. Mara nyingi koili ya pili, ambayo ndiyo yenye mizunguko mingi zaidi, husoma omu elfu kadhaa kama kawaida. Ya kwanza haisomi kitu: imekatika. Wengi watakuambia imeungua.

Hesabu inakataa. Vali ya 201A, iliyoenea sana enzi hizo, ikipewa volti 90 huvuta takriban miliampea 2.5. Tuseme koili ina omu 1,000: joto linalotoka humo ni miliwati 6 hivi, nalo limetapakaa kwenye donge zima la shaba na chuma. Ukilishika, hutahisi hata vuguvugu. Ukilifumua, hukuti weusi wala harufu ya kuungua, ila doa dogo la kijani, na waya umeishia hapo hapo.

Kijani hicho ni shaba iliyoliwa. Fikiria kijiko kinavyopakwa fedha: kipande cha fedha hufungwa kwenye chanya, kijiko kwenye hasi, vyote vikatumbukizwa katika maji yenye chumvi ya fedha. Umeme ukipita, kipande hupungua na kijiko huvaa. Ndani ya transfoma, koili ya kwanza iko upande wa chanya ya betri, na kiini cha chuma kwa kawaida kimeungwa kwenye hasi. Badala ya maji kuna unyevu ulionyonywa na karatasi, pamoja na mabaki ya chumvi na asidi. Penye tundu kwenye vanishi inayoukinga waya, hata dogo kiasi gani, shaba huanza kuhama.

Na haihitaji mkondo mkubwa. Kwa kanuni ya Faraday, mikroampea moja tu, ikivujia sehemu moja, humaliza milimita nzima ya waya wenye unene wa milimita 0.05 kwa saa 15 hivi. Hiyo ni sehemu moja kati ya 2,500 ya mkondo wa vali yenyewe! Hesabu hii, lakini, inachukulia kwamba uvujaji wote uko mahali pamoja na wote unakula shaba. Uvujaji halisi unaweza kuwa mdogo mno kuliko huo, na transfoma kadhaa za wakati huo zingali nzima.

Koili ya pili je? Yenyewe imeungwa kwenye gridi ya vali inayofuata, yaani waya wa ndani unaodhibiti mkondo wa vali, yenye volti chache tu, tena hasi. Iko upande wa kijiko.

Si kila mkatiko una chanzo hiki. Ukitokea pale waya mwembamba ulipolehemiwa kwenye waya mnene, huenda ni mabaki ya dawa ya kulehemu yaliyoula, hata bila umeme. Doa la kijani peke yake haliwezi kukuambia ni kipi kilianza.

Transfoma ya spika katika redio za baadaye ni habari nyingine: hiyo kweli huweza kuungua. Kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye vali ya nguvu, ile inayoendesha spika, ikivuja, gridi ya vali hiyo hupata volti chanya na vali ikavuta mkondo kupita kiasi. Badilisha kapasita kwanza. Kisha tafuta transfoma mbadala kwa uwiano wa mizunguko, maana mita ya omu husoma ukinzani wa shaba tu. Vali moja ya 6V6 inayotaka omu 5,000, ikiendesha spika ya omu 3.2, inahitaji uwiano wa karibu 40 kwa 1, na kiini chenye mwanya wa hewa ili mkondo mnyoofu (usiobadili mwelekeo) usikijaze usumaku hadi kishindwe kupitisha sauti vizuri.

Ile ya miaka ya 1920 mara nyingi haihitaji hata kutolewa. Rezista ya kiloomu 100 hivi hushika nafasi ya koili iliyokufa, na kapasita ya mikrofaradi 0.01 hupeleka sauti kwenye koili ya pili iliyobaki hai, huku ikizuia volti kubwa isifike huko. Utapoteza ule ukuzaji wa mara tatu au zaidi uliokuwa ukitoka kwenye uwiano wa koili, kwa hiyo stesheni za mbali zitasikika kwa shida, ila boksi la transfoma litabaki mahali pake, pamoja na lami yote iliyojazwa ndani yake.