Acheni kuniagiza “chuma kigumu zaidi”

Imetumwa tena. Picha ya shafti ya pampu iliyokatika, na chini yake: “Chuma kilikuwa dhaifu, mhandisi, tutafutie kigumu zaidi.” Wengine huambatanisha na cheti cha maabara. Kipande kimevutwa, kimefikisha megapaskali (kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa eneo) 700 na ushee, kwa hiyo chuma ni safi na mkosaji ni opereta, beringi au mchawi.

Jamani. Jaribio la kuvuta linaonyesha kipande kitabeba nini kikivutwa mara moja tu hadi kikatike. Shafti inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huku ikipindwa na mzigo, kila sehemu ya ngozi yake huvutwa na kubanwa mara 90,000 kwa saa. Mizunguko milioni 10 inatimia kabla siku ya tano haijaisha. Kuipima kwa kuivuta mara moja ni kumchagua mkimbiaji wa marathoni kwa kumbebesha gunia la mahindi.

Wala si habari mpya. August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1850, baada ya ekseli kuvunjika kwa mizigo ambayo zikiwa zimetulia zingeibeba bila shida. Alitengeneza mashine za kuzungusha vipande vikiwa vimepindwa, akahesabu mizunguko hadi vikatike, akaona kwamba chini ya mkazo fulani chuma huendelea tu bila kukatika. Kukatika huku kwa kurudiarudia mzigo ndiko tunakoita uchovu, na mkazo huo ndio kikomo chake. Mashine zetu za leo ni wajukuu wa zile zake.

Sasa hapa ndipo ninapochoshwa. Ni kweli kwamba kikomo hicho cha uchovu hukaribia nusu ya nguvu ya kuvuta, maadamu nguvu hiyo haizidi megapaskali 1,400 hivi. Zaidi ya hapo usitegemee nyongeza. Lakini hesabu hiyo ni ya kipande kidogo kilichong'arishwa maabara mpaka unajiona usoni. Shafti yako ina bega (pale unene unapobadilika) lililokerezwa kwa kona kali, ina mfereji wa kii (kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti), ina kutu na mikwaruzo ya grenda. Ufa huanzia hapo. Na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyozidi kuonewa na kona kama hizo, kwa hiyo fedha uliyoongeza inaweza kuishia begani pale pale.

Kinachosaidia ni mviringo wa milimita chache kwenye kona ya bega. Fundi wa kukereza atakwambia beringi haitakaa vizuri, na hakosei: mviringo ukizidi ule wa ukingo wa beringi, beringi haifiki begani. Basi weka pete yenye ukingo uliokatwa kati ya bega na beringi. Ni kipande cha bei ya chakula cha mchana, lakini hakuna anayekiagiza, maana hakina sifa ya kutangaza kwa bosi.

Kuchomelea ndiko balaa kabisa. Kiungo kilichochomelewa na kuachwa vile vile huchoka karibu sawasawa, kiwe cha chuma cha kawaida au cha bei mbaya, kwa sababu pembeni mwa chomeleo tayari kuna dosari ndogo, na ufa ukishapata pa kuanzia hauulizi daraja la chuma. Hata majedwali ya uchovu ya Eurocode 3, kanuni za Ulaya za kusanifu miundo ya chuma, yanapanga viungo kwa umbo lake, siyo kwa nguvu ya chuma.

Je, kikomo chenyewe kipo? Sina uhakika kama nilivyokuwa chuoni. Majaribio mengi yalisimamishwa kwenye mizunguko milioni 10. Yaliposogezwa hadi bilioni, baadhi ya vyuma vigumu vilikatika, ufa ukianzia kwenye punje ya uchafu ndani kabisa. Kwenye maji ya chumvi kikomo ni cha kusahau, na alumini haikuwa nacho tangu mwanzo. Tena vipande viwili vya nondo moja, mkazo ule ule, kimoja huweza kuishi mara kumi ya mwenzake. Ukiniuliza “itadumu miaka mingapi?” nitakupa namba, nawe uipokee kwa adabu na mashaka.

Rudi sasa kwenye picha yako. Eneo laini lenye mistari iliyopinda ndipo ufa ulipotembea taratibu. Eneo la chengachenga ndilo lililokatika mwishoni kwa ghafla. Kwako chengachenga ni kama robo tu. Maana yake shafti iliendelea kubeba mzigo ikiwa imebaki robo ya mwili wake, nawe unaiita dhaifu!

Ukiniletea vipande, viwe vyote viwili. Usivisugue kwa brashi ya waya, na tafadhali usivikutanishe uone kama vinashikana. Vitashikana, na ile mistari itasagika.