Programu Moja, Sahihi Mbili

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu za kukusanyia taarifa vijijini, na karibu zote zimejengwa juu ya msimbo wa programu huria ambao watu wengine waliuandika na kuruhusu kila mtu autumie. Katika mafunzo ya wadodosaji huko Kondoa, mmoja wao alishindwa kusasisha programu yetu aliyokuwa ameitumia kwa wiki tatu. Toleo jipya alirushiwa na mwenzake kwa Bluetooth, kwa kuwa mtandao ulikuwa hafifu, lakini simu ililikataa kwa maelezo kwamba linagongana na programu iliyopo. Jina lilikuwa lile lile, ikoni ile ile, na msimbo haukutofautiana ila kwa marekebisho madogo. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuifuta programu ya zamani, na ndani yake mlikuwa na madodoso 41 ambayo hayajatumwa kwenye seva. Tulitumia saa nzima kuyahamishia kwenye kompyuta kwa kebo kabla ya kuthubutu kufuta.

Mdodosaji huyo aliipata programu kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, mwenzake aliipata kutoka Google Play, na kila duka lilikuwa limeitia sahihi yake. Simu ya Android humtambua mtengenezaji kwa ufunguo wa siri aliotumia kutia sahihi ya kidijitali, na kwa kawaida hukubali toleo jipya pale tu linapobeba sahihi ile ile ya toleo lililotangulia. Huo ni ulinzi mzuri, kwa sababu humzuia mtu baki asikuletee programu bandia kwa jina la ile unayoiamini. Swali ni nani anayeshika ufunguo. F-Droid, iliyoanza mwaka 2010, huchukua msimbo chanzo, huujenga yenyewe, yaani huugeuza kuwa programu ya simu, kisha kwa kawaida hutia sahihi kwa ufunguo wake. Google Play, kwa upande wake, tangu Agosti 2021 hutaka programu mpya ziwasilishwe katika muundo ambao sahihi ya mwisho hutiwa na Google yenyewe, kwa ufunguo unaotunzwa kwenye seva zake.

Nimeanza na jambo hili dogo la kiufundi kwa sababu ndipo ninapoona wazi zaidi mgongano kati ya sera za maduka na leseni za programu huria. Leseni huria ni ruhusa itokayo kwa mwandishi kwenda kwa kila mtu atakayeipokea programu, hata kama ameipokea kwa mkono wa kumi. Kifungu cha 6 cha leseni ya GPL toleo la 2, la mwaka 1991, kinasema kwamba kila programu inapogawiwa upya, mpokeaji anapata ruhusa moja kwa moja kutoka kwa mwandishi wa asili, na anayeigawa haruhusiwi kuongeza vizuizi vingine. Duka la programu nalo lina mkataba wake, na mkataba huo ni orodha ndefu ya vizuizi.

Kisa cha VLC kinalionyesha hilo vizuri kuliko kingine ninachokijua. VLC ni kicheza video kinachosimamiwa na shirika la VideoLAN la Ufaransa, na msimbo wake wakati huo ulikuwa chini ya GPL. Septemba 2010 kampuni nyingine iliuchukua msimbo huo, ikautengenezea programu ya iPad, na Apple ikaikubali katika duka lake bila malipo kwa mtumiaji. Mwezi uliofuata Rémi Denis-Courmont, mmoja wa waandishi wakuu wa VLC, aliipelekea Apple malalamiko ya hakimiliki: masharti ya duka yalimwekea mtumiaji mipaka ambayo GPL inaikataza, kwa hiyo duka halikuwa na haki ya kuigawa kazi yake. Januari 2011 programu iliondolewa. Watumiaji wengi walimlaumu yeye, na hata ndani ya mradi wapo waliokasirika. Mimi naamini alikuwa na haki, kwa kuwa aliomba kutimizwa sharti pekee aliloliweka alipoitoa kazi yake bure.

Kilichofuata kinasimuliwa mara chache. Waandishi wa VLC waliazimia kuhamisha kiini cha programu kwenye leseni ya LGPL, iliyo legevu kuliko GPL, na kwa kuwa katika mradi wa namna hiyo kila mchangiaji anabaki na hakimiliki ya mistari aliyoiandika, ilibidi watafutwe mmoja mmoja ili waridhie, wakiwemo waliokwisha kuuacha mradi zamani. VLC ilirudi katika duka la Apple Julai 2013, safari hii ikiwa pia chini ya leseni ya MPL. Duka halikubadili msimamo wake. Waliobadilika ni watu waliojitolea, na iliwachukua zaidi ya miaka miwili.

Si Apple peke yake. Mwaka 2019 Google iliiondoa WireGuard, programu huria ya VPN, kwa muda kwa sababu ndani yake mlikuwa na kiungo cha kuchangia fedha. Mwaka 2022 Microsoft iliandika sera ya kukataza kutoza bei kwa programu huria ambazo kwa kawaida hupatikana bure, sera ambayo ingeuumiza mradi kama Krita, programu huria ya kuchora, unaopata sehemu ya riziki yake kwa kuuza katika duka hilo, na ikaibadilisha baada ya kupingwa.

Jambo linalonishughulisha sasa ni kubwa zaidi. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba katika simu za Android zilizoidhinishwa na Google, programu yoyote itapaswa kutoka kwa msanidi aliyethibitisha utambulisho wake kwao, hata kama haikupitia Google Play. Utekelezaji ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kuenea kwingine kuanzia 2027. Msanidi anatakiwa kusajili jina la kifurushi cha programu yake, yaani jina la ndani ambalo simu huitambulia, pamoja na ufunguo wake. Sababu iliyotolewa ni usalama, na siidharau, maana nimewahi kusafisha simu za watu waliowekewa programu bandia za mikopo. Lakini F-Droid ilieleza ugumu wake kwa usahihi: haiwezi kuwalazimisha waandishi wajisajili, na haiwezi kusajili majina ya programu zao kwa niaba yao, kwa sababu kufanya hivyo kungekuwa kujitwalia haki ya pekee ya kuzigawa. Novemba 2025 Google ilisema itaweka njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe. Upana wa njia hiyo ndio utakaoamua kama mdodosaji wa kawaida ataweza kuipita.

Kwa programu yetu tumepata ufumbuzi. Tunaijenga kwa namna ambayo mtu mwingine akiujenga msimbo ule ule anapata faili lile lile, baiti kwa baiti, na kwa hiyo F-Droid hukubali kuigawa ikiwa na sahihi yetu. Katika Google Play tulianza upya kwa jina jipya la kifurushi, tukawasilisha ufunguo wetu wenyewe, na sahihi zikalingana. Katika mafunzo yaliyofuata matoleo yalirushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu bila mtu kufuta kitu.

Wadodosaji wetu, hata hivyo, hutumia pia programu ndogo ya ramani inayofanya kazi bila mtandao, inayopatikana F-Droid tu. Mwandishi wake hajagusa msimbo kwa muda mrefu na hajibu barua pepe. Leseni yake inaniruhusu kuichukua, kuirekebisha na kuigawa, lakini jina lake la kifurushi na ufunguo wake si vyangu, kwa hiyo nimeanza kuijenga upya kwa jina jingine, na kila mdodosaji itabidi aifute ya zamani.