Vijidudu: aina zake na tofauti zake

Kijidudu ni kiumbe kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona kwa macho matupu. Sharti utumie hadubini. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi, aliwaona bakteria miaka ya 1670 kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Tangu hapo tumejua kwamba vijidudu si jamii moja. Tofauti kati ya kuvu na bakteria ni kubwa kuliko tofauti kati ya kuvu na binadamu, na ndiyo maana dawa inayomaliza aina moja mara nyingi haigusi nyingine.

Tuanze na kiini cha seli, yaani chumba chenye utando kinachohifadhi DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi. Bakteria hawana kiini. Kila mmoja ni seli moja, DNA yake imelala tu ndani, na wengi wao wamezungukwa na ukuta mgumu. Wapo wa duara, wa umbo la fimbo na waliojipinda kama wale wa kaswende. Urefu wa kawaida ni mikromita moja hadi tano, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Huzaliana kwa kugawanyika: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Bakteria aitwaye Escherichia coli akipata chakula na joto la kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo seli moja ingeweza kufikisha zaidi ya milioni 16 kwa saa 8, ilimradi chakula kisiishe. Mazingira yakiwa mabaya, baadhi yao, kama bakteria wa pepopunda, hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu, na kukaa udongoni miaka mingi wakisubiri. Hata hivyo bakteria wengi hawatudhuru, na walio tumboni mwetu hututengenezea vitamini K.

Arkea nao hawana kiini, na kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa bakteria hadi wanasayansi Carl Woese na George Fox walipowatenga mwaka 1977. Baadhi huishi kwenye chemchemi za maji moto au kwenye chumvi kali. Wengine hutengeneza gesi ya methani tumboni mwa ng'ombe.

Upande wa pili wapo wenye kiini. Kuvu, au fangasi, ni pamoja na hamira, ambayo ni seli moja moja, na ukungu, unaotanda kwa nyuzinyuzi. Hawajitengenezei chakula: humwaga nje vimeng'enya, yaani protini za kuyeyusha chakula, kikaoza kilichopo, kisha wakafyonza. Protozoa ni seli moja inayokula na mara nyingi inayotembea. Amiba hujivuta kwa kubadili umbo, na Plasmodium ndiyo inayoleta malaria. Mwani mdogo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na hutoa sehemu kubwa ya oksijeni inayozalishwa baharini.

Virusi vina habari yake. Si seli kabisa. Kirusi ni kipande cha DNA au RNA (kemikali inayofanana na DNA) ndani ya ganda la protini, na vingi ni vidogo mara kumi au zaidi kuliko bakteria. Kikiwa peke yake hakili, hakikui wala hakizaliani. Kikiipata seli inayokifaa hujibandika, huingiza vinasaba vyake, na seli hiyo hiyo inaanza kuunda virusi vipya. Wanasayansi wengi hawakihesabu kuwa kiumbehai, na mimi naona wana hoja nzito.

Sasa angalia penisilini, dawa ya kuua bakteria. Kazi yake ni kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, na seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo zinasalimika. Virusi vya mafua navyo havina. Mgonjwa wa mafua akimeza penisilini, virusi vinaendelea kama kawaida, huku bakteria wazuri wa tumboni wakifa na wale sugu wakipata nafasi ya kuongezeka.