Bima ya wazee si sabuni ya dukani

"Ziacheni kampuni binafsi zishindane, bei itashuka." Kauli hii kuhusu bima ya afya ya wazee nimeisikia tena juzi barazani, hapa Mikindani, na si ya leo. Kwa sabuni ni kweli: muuzaji hajali mnunuzi ana miaka mingapi. Kwenye bima, gharama ni mteja mwenyewe.

Mzee aliyekaa karibu nami alishika daftari la kliniki lililochakaa pembe, presha ukurasa huu, sukari ule. Kampuni inayotafuta faida ikilisoma, ama itampandishia ada ama itamkwepa kwa adabu. Zitakaowagombea ni vijana wasiougua.

Marekani walishayaona. Kabla ya 1965 soko lilikuwepo, na karibu nusu ya wazee wao hawakuwa na bima ya hospitali. Ndipo Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya Medicare, bima ya umma kwa wenye miaka 65 na zaidi. (Na hao ndio tunaoambiwa tuwaige!)

Foleni na dawa kukosekana dirishani ni kero za kweli, sizifichi. Ila kampuni ya bima haileti dawa Mikindani. Inalipia tu ile iliyopo.