Je, wajua kwa nini 720,720 hugawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16?

Mama anayepanga korosho zake mafungu mezani katika soko la Masasi anaijua adha ya salio: korosho 100 akizipanga saba saba, anapata mafungu 14 na korosho mbili zinambaki mkononi. Sasa tuchukue korosho ghafi 720,720. Tukikadiria kuwa kilo moja ina korosho 200, huo ni mzigo wa magunia 45 ya kilo 80, na kilo tatu na ushee juu yake. Mzigo huo ukigawiwa watu wawili, watatu, saba, 11, 13 au hata 16, kila mmoja hupata sawa na mwenzake na haisalii hata punje.

Siri imo katika namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kwa kuwa 720,720 ni sawa na 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13. Anayegawanya kwa 12 huhitaji 2 mbili na 3 moja, na zote zimo. Anayegawanya kwa 14 huhitaji 2 na 7, nazo zimo. Yenye tamaa ni 16, inayodai 2 nne peke yake. Namba 360,360 inatosheleza kuanzia 1 hadi 15, lakini ina 2 tatu tu, hivyo ikabidi iongezwe mara mbili. Hivyo 720,720 ndiyo kile kigawe kidogo cha shirika (KDS) tulichohangaika nacho shuleni, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja ya namba hizo bila salio. Mtu angeweza kuzidisha namba zote kuanzia 1 hadi 16, lakini angefika zaidi ya trilioni 20, na huko ni kubeba magunia yasiyohitajika.

Kwa 17 mgawanyo unakataa na korosho tano zinabaki, kwa sababu 17 ni namba tasa isiyomo katika orodha ile. Cha kuchekesha ni kwamba 18 inakubali bila taabu: kila mtu 40,040.

Na kwa nini 720 inajirudia? Kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1,001, na vigawo tasa vilivyobaki vikizidishwa hutoa 720; namba yoyote ya tarakimu tatu ikizidishwa kwa 1,001 hujiandika mara mbili. Jaribu 358 kwenye kikokotoo cha simu. Ndiyo maana hata magunia yetu 45 yalibeba korosho 720,000 kamili, zikabaki 720 nje.

Kwa jumla 720,720 ina vigawo 240, yaani namba 240 zinazoigawanya bila salio, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, alichapisha mwaka 1915 utafiti kuhusu namba za aina hii, ambazo kila moja huzipita kwa vigawo zote zilizoitangulia. Lakini ongeza korosho moja tu juu ya mzigo, ziwe 720,721, kisha wagawie watu wawili, 16, au idadi yoyote iliyo kati yao: kila mara itabaki moja.