Je, wajua kwa nini kengele ya shule huwa ya mwisho kurudi baada ya jeshi la kigeni kuondoka?

Sisi wa Nakuru, Kenya, tunaokumbuka ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa mwaka 2008, familia zilipopiga kambi katika uwanja wa maonyesho na watoto wakasomea kwenye mahema, tunajua kwamba utulivu ukirudi, shule hairudi siku hiyo hiyo. Katika mji uliokaliwa na jeshi la kigeni kungoja huko huwa kurefu zaidi, kwa sababu shule hutegemea karibu kila huduma nyingine.

Tuutazame mji wa Kherson, kusini mwa Ukraine, uliotwaliwa na Urusi mwanzoni mwa Machi 2022 na kukombolewa tarehe 11 Novemba mwaka huo. Wakazi walijaa barabarani wakishangilia, ilhali mji haukuwa na umeme, maji wala mtandao wa simu. Umeme haungeweza kungoja, kwani bila umeme pampu hazisukumi maji, na bila maji hospitali hukwama. Treni ya kwanza kutoka mji mkuu, Kyiv, iliwasili tarehe 19 Novemba. Hata hivyo, fundi hapandi nguzo, wala mtoto hachezi uwanjani, kabla wategua mabomu hawajapita hapo.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, limo ndani ya chumba cha walimu. Urusi iliingiza mtaala wake katika maeneo iliyoyakalia, na sheria ya Ukraine ya Machi 2022 ikaufanya ushirikiano na adui, ukiwemo wa shuleni, kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo, kabla ya kufungua darasa, ni lazima ijulikane ni mwalimu yupi alikataa, yupi alitoroka na yupi alifundisha, tena kwa hiari au kwa kutishwa. Ni lazima pia mtoto apimwe ajulikane amefika wapi katika masomo. Yeyote aliyeona hapa kwetu walimu wakiomba uhamisho baada ya ghasia, wakihofia kurudi walikofukuzwa na majirani, ataelewa kwamba paa la shule hutengenezwa upesi kuliko imani ya watu.

Kisha kuna umbali wa adui. Kutoka Kherson jeshi la Urusi lilirudi ng'ambo ya mto Dnipro tu, na kutoka huko likaendelea kuupiga mji kwa mizinga, hivyo masomo yakabaki ya mtandaoni. Huko Kharkiv, mji mwingine wa Ukraine ulio karibu na mpaka wa Urusi, kuanzia Septemba 2023, watoto waliingia madarasani chini ya ardhi, katika vituo vya treni.